Enid Gwilt, Aliyetaka Kujua Barabara Inatokea Wapi

Mchungaji, majirani wa Craven Arms, ndugu zetu wa Hopesay, na ninyi nyote mlioegemeza baiskeli zenu kwenye ukuta wa kanisa hapo nje, mimi ni Neville, mtoto wa pekee wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea kwa ufupi maisha ya mama yangu, Bi Enid Mary Gwilt, ingawa ufupi yeye hakuupenda, hasa ufupi wa njia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1937, katika kijiji cha Hopesay, kusini mwa Shropshire, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Albert Passey, mchunga kondoo wa kuajiriwa, na mkewe Bi Florence. Alisoma shule ya msingi Aston on Clun kuanzia mwaka 1942 hadi 1948, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Ludlow, akamaliza mwaka 1953, na ripoti yake ya mwisho, ambayo tunayo nyumbani, inasema ana akili nzuri ila anauliza maswali yasiyo ya somo.

Tarehe 4 Januari 1954 aliajiriwa kuunganisha simu katika kituo cha simu cha Ludlow, na kutwa nzima akawa anasikia sauti za watu wa vijiji na mashamba ambayo hajawahi kuyaona, akaanza kuwauliza, kabla ya kuwaunganisha, ukitoka mlangoni kwako ukashuka, barabara inatokea wapi. Msimamizi wake akamwita ofisini.

"Binti, kazi yako ni kuunganisha simu, siyo kuhoji wateja."

"Lakini bosi, yule mama wa Heath anasema barabara yao inapita kanisa lililosimama peke yake kondeni. Sasa nani anakwenda kusali pale?"

Bosi akampa onyo la maandishi, naye mwezi uliofuata akanunua baiskeli ya buluu iliyotumika, kutoka kwa mjane mmoja wa Church Stretton, akaenda kuangalia mwenyewe. Alilikuta kanisa, akauliza ufunguo nyumba ya jirani, akakaa ndani saa nzima, na aliporudi akaichora safari yake kwenye kadi, akaiandika Njia Namba 1. Kufikia mwaka 2008 kadi zilikuwa 118, na kila njia ilikuwa na masharti yaleyale, kwamba usirudi kwa barabara uliyoendea, kwamba chai inywewe kabla ya mlima mkubwa na siyo baada, na kwamba iwepo angalau kona moja ambayo hata yeye hajui inakwenda wapi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, alifunga ndoa kanisani Hopesay na Bwana Ivor Gwilt, aliyeongoza treni kwa ishara pale Craven Arms, mtu ambaye hakupanda baiskeli hata siku moja, na ambaye aliwaambia wenzake baani, "Mke wangu ukimtuma mkate, atapitia Wales." Walijaliwa mtoto mmoja, mimi, tarehe 2 Februari 1961. Mwaka 1968 mama alihamia maktaba ya Ludlow, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 1997, na baba alitutoka mwaka 1994.

Sitawaficha kwamba mimi baiskeli sikuzipenda, kwa sababu Jumapili za utoto wangu zilikuwa za nyama baridi na baba aliyesinzia, huku mama yuko milimani, na nilipokua nikahamia Wolverhampton, nikajifunza kutengeneza meno ya bandia, nikawa namtembelea kwa gari, kwa barabara kuu.

Mnamo mwaka 2006 macho yake yalianza kuharibika, katikati ya kila alichokitazama pakawa na ukungu, naye hakumwambia mtu. Jumapili, tarehe 17 Mei 2009, aliongoza watu kumi na mmoja kwa Njia Namba 64, wakiteremka kutoka Wenlock Edge, na kwenye kona aliyoipita labda mara mia, akakifuata kivuli cha uzio wa miti akidhani ndiyo barabara, akaingia mtaroni, na Maurice Hotchkiss, aliyekuwa nyuma yake, akamwangukia, akavunjika mtulinga. Hospitalini daktari alimwambia mama asome herufi zilizoko ukutani, akauliza, "Ukuta upi?"

"Nusura nimuue mtu, Neville," aliniambia kwenye simu, akaifungia baiskeli bandani, na kwa miezi kumi na minne hakutoka. Nilipokuja nilimkuta jikoni, amelipa dirisha mgongo, haulizi kitu, na huko kutouliza kulinitisha kuliko yale macho.

Tarehe 24 Julai 2010, siku ya Jumamosi, Maurice alifika getini akisukuma baiskeli ya watu wawili.

"Enid, toka nje."

"Maurice, mimi sikuoni, na wewe ulipaswa usitake kuniona."

"Mfupa umepona zamani, tena siku hizi unanitabiria mvua. Toka bwana."

"Nani atakaa mbele?"

"Siyo mimi, magoti yamekwisha. Huyu hapa." Akaninyooshea kidole mimi, niliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, mtu wa miaka arobaini na tisa ambaye hakuwa amepanda baiskeli kwa miaka thelathini.

Tulipofika mto Onny akaniuliza, "Unaona nini?"

"Barabara, mama."

"Barabara gani isiyo na kitu? Pembeni kuna nini?"

"Uzio."

"Uzio wa mti gani? Umekatwa mwaka huu?"

"Mama, naendesha!"

"Na mimi nakanyaga. Sema."

Basi nikasema, na ili niseme ikanibidi nitazame. Wiki ya tatu aliniambia tumeanza kupanda mlima, mahali ambapo mimi niliona tambarare tupu, tukabishana hadi tukashuka, nikailaza chupa ya maji barabarani, nayo ikabingirika kurudi tulikotoka. Mama alicheka mpaka akashika tandiko. "Miaka hamsini macho yangu yananidanganya hapa!" alisema, na jioni ile akaniamuru nilete kadi.

Aliniandikisha njia nyingine ishirini na tatu, zenye kelele za maporomoko ya kinu cha kusagia kwa maji, harufu ya nguruwe, na upepo unaokupiga shavu la kulia pale uzio unapokatika, na tarehe 21 Septemba 2013 wapanda baiskeli wasioona kutoka Hereford walipita ya kwanza kati ya hizo. Mmoja wao, Bi Rosalind Pugh, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia mama ameruka kijito kizima bila kukitaja, na sijapata kumwona mama akifurahi hivyo kwa kukosolewa.

Tarehe 22 Oktoba 2019 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Shrewsbury, akapoteza kauli. Kila siku nilimsimulia njia niliyojia, na siku moja nikamwambia kwamba baada ya Cressage, penye birika la kunyweshea ng'ombe, nimepinda kushoto. Akatikisa kichwa. Nikasisitiza, akaufinya mkono wangu kwa nguvu nisiyoitegemea. Niliporudi nilisimamisha gari pale, nikatazama, ni kulia.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na njia mia moja arobaini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi aliyekubali dirisha likae wazi katika baridi ya Novemba, majirani waliotulisha, wafanyakazi wenzake wa maktaba, vijiji vyote vilivyomjazia chupa maji, na Maurice, kwa kufika getini siku ile.

Mama, Jumamosi hii nitakaa mbele, Rosalind atakaa nyuma, na nitamwambia kila ninachokiona. Pumzika sasa, kwa amani yote.