Fundi Aliyezivalisha Taa Vizimba vya Dhahabu

Nyie mliohamia jengo jipya, mmetususa? Tangu mpate ofisi zenye zulia hamtii mguu ukumbini wala jikoni kwangu, na huku mtu anastaafu! Haya, someni: fundi wetu wa umeme, Baba Vizimba, anatuaga tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Aliajiriwa kubadilisha balbu, akaishia kuzitia jela. Dari ya ukumbi ni fupi, mpira wa wavu unachezwa humo humo, na kanuni ya umeme inataka taa inayoweza kugongwa ivalishwe kizimba cha waya, kikazwe kwa skrubu. Kanuni hiyo aliipenda kuliko chakula. Alivalisha taa za ukumbini, za stoo, za karakana. Tulimtania kwamba ipo siku mkewe ataamka na kofia ya waya. Alicheka, akapanda ngazi.

Kilichomtoa jasho kweli ni harusi ya bintiye, iliyofanyika ukumbini humo humo. Asubuhi ile wapambaji walivishusha vizimba vyote, eti ukumbi unafanana na banda la kuku. Mzee kuingia na suti yake, akavikuta sakafuni, akagoma: hakuna atakayecheza chini ya taa iliyo uchi. Binti naye akaja juu. Akaapa kwamba vikirudi na kutu yake, yeye haingii, na baba asimwite tena mwanangu. Wakwe wako getini wanaimba, shela liko nusu kichwani, na wale wawili wametunishiana mashavu, sura zimefanana kama shilingi kwa ya pili!

Mwishowe binti akalegeza kamba: virudi, ila viwe vya dhahabu kama mapambo. Mzee akafunga aproni yangu juu ya suti, akavipaka rangi uani huku nikiwazuia wakwe kwa chai. Akavikaza kimoja kimoja kabla havijakauka vizuri.

Sasa wajomba wa bwana harusi wana miguvu hao! Walimrusha juu kijana wa watu, kisigino kikagonga paa! kwenye kizimba kilicho juu ya kichwa cha bibi harusi. Kizimba kikabonyea, lakini kioo kizima, taa inawaka, na bwana harusi akashuka na kiatu kimoja cha dhahabu. Binti akacheka mpaka shela likadondoka, akamkimbilia baba yake, wakacheza wao wawili mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Kizimba kile hakijanyooshwa mpaka leo. Binti amekataza.

Baba Vizimba, mdogo wangu, asante. Umetulinda vichwa bila kutununia. Kalale mpaka jua likutoe kitandani, afya iwe nawe, na wajukuu wakupande mabegani.

Na wewe msomaji, ukija tena pitia jikoni unisalimie, kisha ingia ukumbini uinue macho ukione kizimba kilichobonyea. Ila koti lako usilitundike kwenye kizimba hicho. Misumari ya makoti iko mlangoni.