Seremala Aliyefagia Kuliko Wote

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi, haya ni maisha ya kaka yetu seremala, mliyemzoea kwa jina la Futikamba, na yanasomwa na dada yake mkubwa aliyemfuta kamasi, kwa hiyo mtu asibishe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha mbao, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, akaanza darasa la kwanza Januari 1959 na kumaliza la saba mwaka 1965, hesabu akiziweza, kunyamaza kukimshinda.

Mwaka 1966 alianza kujifunza useremala kwa mjomba, na tarehe 3 Juni 1974 akafungua karakana kando ya barabara ya sokoni, pamoja na fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche, kwa hasira zake, na fundi wa vioo, mtu mpole.

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976 na wifi yetu mshonaji, baada ya kwenda kwao mara nne kupima kitanda kimoja, nasi tukajifanya hatuoni, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba, binti, ndiye aliyerithi randa ya baba yake.

Sasa kuna la Agosti 1984, ambalo familia iliniomba nilipite haraka, lakini historia ni historia. Shule ya wasichana iliagiza kabati kubwa la vitabu, marehemu akaliunda likapendeza, fundi wa vioo akavigandisha vioo visibanduke milele, na wiki hiyohiyo Cheche, kwa kuogopa wezi, akachomelea fremu ya chuma kwenye mlango wa karakana, ukapungua upana, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Siku ya kulitoa, kabati likagoma mlangoni, wakatukanana mpaka muuza nyanya akaacha biashara aje kusikiliza, Cheche akaapa harudi, fundi wa vioo akafunga mkoba, na marehemu akakaa siku tatu peke yake na kabati lake.

Wifi alimpelekea chai, akalitazama kabati, akacheka mpaka akakaa kizingitini, akamwambia, "Baba watoto, mikono mnayo, midomo mmeiweka wapi?" Ndipo marehemu, ambaye hata mama yetu hakuwahi kumsikia akiomba radhi, akawafuata wenzake majumbani, fremu ikakatwa, kabati likafika shuleni na lipo hadi leo. Tangu hapo, kila asubuhi, kabla ya kushika msumeno, kila fundi alieleza kazi ya mwenzake, na aliyekosea alifagia karakana, na marehemu alifagia kuliko wote.

Mwezi Mei 2021 kifua kilianza kumsumbua, na hofu yake haikuwa kufa, ilikuwa karakana kusambaratika nyuma yake, akawa anawauliza wote waliokuja kumwona, "Leo mmeelezana?" Alifariki tarehe 7 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 71.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na viti, na mafundi. Jana asubuhi, kabla ya kuunda jeneza, machozi yakiwatoka, Cheche alieleza mbao, binti akaeleza vipini vya chuma, fundi wa vioo akaeleza kitambaa cha ndani cha kushonwa na wifi, akakosea, akafagia, kisha wakaenda kwanza kupima mlango wa nyumba. Wote mmeona jeneza lilivyotoka, halikugusa hata fremu.

Pumzika kwa amani, kaka, leo wameelezana.