Nyota ya Karatasi na Bidoni ya Maji

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Amina yenu nimeisikia, asanteni. Lakini msiniitikie kwa nguvu sana kabla sijamaliza, maana ushuhuda wangu wa leo haujanyooka. Wengine husimama hapa mbele wakijua vizuri Mungu aliwatoa wapi na kuwafikisha wapi. Mimi najua tu kwamba alinitoa. Alinitoaje, na kwa nini alipitia njia ile, mpaka leo kichwa kinanizunguka.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Feza, mke wa Ilunga wa reli. Nilizaliwa Maniema, katika nyumba ya Waislamu wauza vitambaa, na Kiswahili ndicho nilichonyonya kwa mama yangu. Nilibatizwa nilipoolewa hapa Kamina. Kiluba cha mume wangu nimejifunza cha sokoni tu, cha kununua samaki wa Kinkondja na kumsalimu mama mkwe. Hilo la lugha mlishike, maana kosa langu lilianzia hapo.

Sasa, mtu aliyeingia kanisani akiwa mkubwa husoma kuliko waliozaliwa humo. Mimi nilisoma! Kila mwaka wakati wa Noeli mimi ndiye niliyepanga kreshi, lile pango letu la udongo pale chini ya altare. Ukiniuliza mshumaa maana yake nini, ninayo. Majani makavu maana yake nini, ninayo. Kondoo, mchungaji, ng'ombe, wote nilikuwa na maana zao kichwani, na nilizigawa bila kuombwa. Nyota niliipenda kuliko vyote. Nilifundisha watoto wa katekisimu kwamba nyota ni Mungu anayemwonyesha njia mtu asiyejua njia. Nilisema maneno hayo kama vile mimi mwenyewe sijawahi kupotea.

Nyota ya mwaka ule niliitengeneza kwa mikono yangu. Waya niliupata kando ya reli, na karatasi ya kung'aa niliitoa ndani ya pakiti za sigara, ambazo wenzake Ilunga walinikusanyia tangu Pasaka. Niliifunga juu ya fimbo ya mwanzi. Ndugu zangu, ilipendeza, siwezi kuwadanganya. Nilipoibeba kichwa kilikaa juu.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, zile siku ambazo wenzetu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa katika miji ya kusini. Treni ziliwaleta mpaka hapa na kuwashusha, wakangoja nyingine ya kuwafikisha kwao. Wiki kwa wiki walilala pale gare, kwenye kituo cha treni, juu ya mizigo yao, baba na mama na wazee. Bomba la gare lilikuwa limekauka. Na sisi wenyeji? Tuseme ukweli, tuko mbele ya Mungu. Sisi tulifunga visima vyetu. Wengine waliogopa ugonjwa wa kuhara, wengine ilikuwa chuki tu. Cha kwangu nilikifunika kwa bati nikaweka jiwe juu, na sikujiuliza mimi nilikuwa upande gani.

Padri wetu alituomba sisi waimbaji wa korali twende kuwaimbia mchana wa kuamkia Noeli. Tukaenda tumevaa vitenge vya sare, mimi mbele na nyota yangu. Tuliimba ule wimbo ambao mwalimu wetu wa korali alikuwa ametunga mwaka huo, ambao kiitikio chake karibu chote ni neno moja, nyota, nyota, nyota, sauti zikipanda. Watu walitutazama tu. Nilidhani wameguswa.

Wenzangu walipotangulia kuelekea upande wa mabehewa, mama mmoja alinishika mkono. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, amelaza kichwa, midomo imepasuka. Yule mama akaniambia, "Nyota, mama. Nyota."

Nikafurahi! Nikasema moyoni, tazama, wimbo umemwingia. Nikamwinamishia ile fimbo ili mtoto aguse karatasi. Yule mama akatikisa kichwa. Akaonyesha nyota yangu kwa kidole, akasema, "Mutoto." Kisha akaweka kidole kwenye koo lake, halafu kwenye midomo ya mtoto, akasema tena, "Nyota."

Nikamjibu kwa kiburi changu chote, "Njo vile, mama. Mutoto amezaliwa."

Akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Akarudia, mara mbili, mara tatu, pole pole, kama mwalimu: nyota yangu, mutoto, koo lake, nyota. Mimi nilimwimbia. Ndugu zangu, nilimwimbia mistari yote. Na nilipoona machozi yanamtoka, nikafanya jambo ambalo nililihesabu kuwa tendo langu kubwa kuliko yote tangu nibatizwe: nilimpa nyota. Nilimwachia mkononi, fimbo na vyote, nikaenda zangu mikono mitupu na moyo umejaa.

Nilifika nyumbani nikamsimulia Ilunga. Alikuwa amekaa anavua viatu. Ilunga alifanya kazi Mwene-Ditu, huko Kasai, miaka minne kabla hajanioa, lugha ya kule anaijua. Mwanzoni alicheka, halafu akaacha kucheka, kiatu kimoja kikiwa mkononi.

"Feza," akasema, "ku luga yabo, nyota njo kiu. Ule mama alikuwa anakuomba mayi."

Nikamuuliza, na mutoto je? Akasema mutoto, kwao, ndiyo nyota ya juu. Yule mama alikuwa ananifundisha, huku ulimi umemkauka: hiyo uliyobeba inaitwa mutoto, hii inayoniua inaitwa nyota.

Sikumbuki nililiondoaje lile jiwe la kisima. Nakumbuka nilikimbia na bidoni, dumu letu la maji, kichwani bila kata, maji yakinimwagikia machoni. Nilipofika gare, ile treni waliyoingoja wiki nyingi ilikuwa imekuja na kuondoka. Vilibaki mkeka na majivu ya majiko. Nilitafuta hata ile nyota, nikitaka angalau niikute imetupwa, nijue amenikasirikia. Sikuiona. Aliondoka nayo. Kwa nini aondoke nayo? Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza.

Noeli ile kreshi ilikaa bila nyota. Nilisimama katika korali, kiitikio kikafika, koo langu likafunga. Halikuniuma, lilifunga tu. Nyumbani nilichukua kikombe cha maji, yakakataa kushuka, yakarudi kwa pua. Baada ya sikukuu nikapona. Nikasema ni mafua. Mwaka uliofuata, siku ile ile watu walipoanza kufanya mazoezi ya nyimbo za Noeli, koo likafunga tena. Na mwaka uliofuata tena. Mwezi mzima wa Desemba nilikuwa nikilowesha midomo kwa kitambaa, nikinyonya chungwa, nikikonda. Zilipita Noeli tano hivyo.

Mganga wa hospitali alimulika kooni kwa tochi, akasema koo ni zuri kabisa. Kikundi kimoja cha maombi kilisema ni pepo wa maji, wakaniombea mpaka sauti zikawakauka wao. Baba yangu mdogo alikuja kutoka Maniema, mcha Mungu wa msikitini, akanionea huruma, akaniandikia kombe, yale maandiko yanayooshwa kwenye sahani mtu akanywa maji yake. Ningeyanywaje? Kunywa ndiko kulikonishinda! Tulitazamana na ile sahani, yeye na mimi, tukacheka kwa uchungu. Sikumwambia Ilunga kwamba najua koo langu limefungwa na nini. Sikumwambia padri. Niliogopa wangeniambia nimesamehewa, na yule mtoto mgongoni nisijue kama aliishi.

Basi ikaja vita, ile ya kwanza na hii ya pili ambayo bado tumo. Mnaijua, sina haja ya kuwasimulia. Base ya jeshi imejaa askari, treni ni za askari, unga haupatikani. Desemba ile ya mwanzo wa vita hii, koo langu lilikuwa tayari limefunga, siku ya tatu sijameza kitu. Mchana, jua limetoka kali baada ya mvua, treni ikasimama kwenye njia ya pembeni, karibu kabisa na nyumba zetu za kambi ya reli. Behewa moja lilikuwa la chuma, mlango umefungwa kwa mnyororo, umeachwa wazi kiasi cha mkono kupita. Ndani walikuwa wafungwa wa vita, wale ambao watu walisema ndio waliotuletea maangamizi. Kambi yote ikatoka kuwatukana. Hata mimi nilitoka. Nilikuwa na binamu aliyeuawa mashariki, nilitaka kuona sura zao.

Kwenye ule mwanya kulikuwa na mwanaume mtu mzima, mvi kidevuni, shavu ameligandamiza kwenye chuma. Hakujua Kiswahili, hakujua Kiluba. Alisema neno moja tu: "Inyota."

Mama Ngoy, jirani yangu, akacheka sana. Akasema, "Sikia uyu! Anaimba Noeli."

Ndugu zangu! Lile neno! Limetoka Kasai kwenda wapi, likazunguka wapi, mpaka likaingia kinywani mwa mtu wa lugha nyingine kabisa, adui, na kuja kusimama mbele ya nyumba yangu? Sijui. Waliosoma wataniambia lugha zetu ni ndugu. Sawa, ni ndugu. Lakini kwa nini kwangu? Kwa nini Desemba?

Nilienda kisimani, nikajaza bidoni, nikachukua kopo. Mama Ngoy alinishika nguo, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Askari aliyelinda lile behewa, mtu wa kwetu huku, akaninyooshea bunduki. Akaniuliza, "Mama, unamujua uyu muntu?"

Nikasema, "Miye simujue. Neno lake njo najua."

Hakushusha bunduki. Nadhani alidhani nataka kuwapa sumu, maana wengi wangefurahi nifanye hivyo. Akanyoosha kidole kwenye kopo, akaniamuru, "Kunywa kwanza weye."

Hapo nilikwama. Nilitaka kumweleza, baba, mimi sinywi, koo langu limefunga mwaka wa sita. Nani angeniamini? Nisipokunywa, ni sumu kweli, na yule mzee hapati. Nikinywa maji yakarudi kwa pua, vilevile ni sumu. Nikamtazama yule mtu wa ndani. Macho yake yalikuwa kwenye kopo, hayakuwa kwangu. Nikasema, Bwana, si kwa ajili yangu. Nikainua, nikanywa.

Yakashuka. Yalishuka yote, baridi, mpaka tumboni! Nikanywa kopo lingine pale pale kwa sababu sikuamini, mpaka askari akaniambia inatosha. Kisha nikampitishia yule mzee kwenye mwanya, naye akawapitishia wenzake, kopo likarudi tupu, nikajaza, likaenda, likarudi, hadi bidoni ikawa nyepesi. Nilipoinama kuchukua kifuniko nikajisikia naimba. Kile kiitikio. Nilikuwa nikikiimba na machozi, na Mama Ngoy amesimama mdomo wazi.

Kesho yake treni haikuwepo. Sijui walipelekwa wapi. Sijui kama yule mzee alikuwa muuaji wa binamu yangu au la. Wapo kambini ambao hawajanisalimu tangu siku ile, na siwalaumu, maana nami nikiamka siku nyingine nawaunga mkono.

Nilikwenda kwa padri, nikamwambia yote, la gare na la behewa. Nikamuuliza, nyota ya Noeli maana yake nini basi, mwanga au kiu? Akasema hajui, lakini Yule aliyezaliwa chini ya nyota alikufa msalabani akiomba cha kunywa. Nikatoka hapo nimechanganyikiwa zaidi. Nyota juu ya hori, kiu juu ya msalaba, na kwa yule mama wa Kasai lilikuwa neno moja. Labda wale mamajusi nao walikuwa na kiu tu. Sijui. Nawaambia nisiyoyajua.

Ninalolijua ni hili. Mungu hakunifungua koo nilipojiombea. Alinifungua nilipokunywa ili mtu mwingine anywe. Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo na kosa ambalo huwezi kulirudia ulisahihishe, treni yako imeshaondoka, usikimbie. Mtumaini Bwana huyu. Anaweza kulirudisha neno lile lile mlangoni kwako, katika kinywa usichokipenda. Sikiliza tu vizuri kunishinda mimi. Na kama kuna mtu ana ndugu upande wa Mwene-Ditu, amwulizie mama mmoja aliyefika na nyota ya karatasi za sigara, na binti mgongoni. Sasa binti angekuwa mkubwa. Nambieni hata kama ni habari mbaya.

Jumapili ijayo tunaanza kupanga kreshi, na korali wameniomba nitangulie mbele kama zamani. Nawashukuru, ndugu zangu, nitaimba. Lakini nyota aibebe mwingine. Mimi nitabeba bidoni.