Mistari Miwili ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wapendwa waombolezaji, haya yameandikwa na Emiliana, mkwe wa marehemu, na mimi Batholomeo, mdogo wake marehemu, nayasoma kama alivyoyaandika.

Mwalimu Elieza Ndahani, tunayemzika leo hapa Buigiri, alizaliwa Mlali, wilaya ya Kongwa, tarehe 14 Machi 1951, akaanza shule hapo hapo mwaka 1959, akaja sekondari Dodoma mjini mwaka 1967, kisha akahitimu hisabati Dar es Salaam mwaka 1976, akafundisha sekondari miaka mingi, na kuanzia 2008 akafundisha chuo hapa Dodoma hadi alipostaafu.

Alifunga ndoa na mama yetu Raheli tarehe 5 Julai 1980, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho Stanley, mume wa Emiliana.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni derivativu, yaani kasi ya kitu kubadilika, hata pale ambapo kasi ya kawaida haipatikani, na integrali, yaani kuichukua kasi hiyo na kurudisha jumla yake, tena ile ambayo kupanda na kushuka lazima viachwe vipunguzane. Alikuwa akimtania mkwewe Emiliana, mama wa mjukuu wake Anna, akisema ukienda kilimani na kurudi umepanda na umeshuka, sasa wewe kushuka nako ukikuhesabu kuwa kupanda, utafika mawinguni na leo hatuli.

Sukari ilimwanza mwaka 2012, na mwaka 2022 ikamchukua macho yote mawili, kitabu chake kikiwa nusu, ndipo akawa yeye anasema, naye Emiliana, aliyeishia kidato cha nne, anaandika, Anna mgongoni, na kila ukurasa ukiisha anamsomea, naye anasema sawa, au anasema rudia.

Ukurasa wa arobaini na moja, tarehe 3 Aprili mwaka huu, haukusomwa, Anna alikuwa na homa, wakakimbilia zahanati, na nakala ikaenda hivyo hivyo kwa mwanafunzi wake Tumsifu, ambaye tasnifu yake imesimama juu ya ukurasa huo na anaikabidhi Jumatatu. Jumanne tarehe 13 Mei Emiliana akipanga karatasi akaona ameweka ile mistari miwili ya kusimama, kama ya ukurasa uliotangulia, ile inayogeuza kila kushuka kuwa kupanda, na kwa mistari hiyo jumla haifiki popote. Aliogopa, baba alikuwa anahema kwa shida, akasema akipata nafuu nitamwambia, na Alhamisi tarehe 15 Mei, saa mbili asubuhi, baba akafariki hospitalini, hajaambiwa.

Kwa hiyo Tumsifu, popote ulipokaa hapa, kabla ya Jumatatu ifute mistari hiyo miwili, iko kwenye mstari wa sita wa maandishi kutoka juu, baba hakuisema, kosa ni la mkono ulioandika, na watu wote hawa wawe mashahidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliochota maji na kupika tangu Alhamisi, na akina mama waliombeba Anna ili haya yaandikwe.

Baba, jana jioni ukurasa ulisomwa wote kwa sauti, mbele ya jeneza lako, bila mistari ile miwili, hakuna aliyesema rudia. Pumzika kwa amani.