Gordon Obonyo Mireri, Fundi wa Pampu Aliyewahesabu Watoto (1963–2026)

Gordon Obonyo Mireri alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 huko Kano, kilomita sita kutoka Ahero. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Mireri Ogola na marehemu Mama Dorka Awuor. Mto ulikuwa umefurika mwezi huo, na mama yake alijifungulia darasani, mahali familia ilipokuwa imehifadhiwa pamoja na majirani. Dada zake wanasema alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na maji yaliyozidi magoti aliyaangalia kwa mbali. Familia haioni aibu kulitaja jambo hilo, kwa sababu bila hilo hamtamjua mtu tunayemzika leo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 na kufanya mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi mwaka 1976. Njia fupi ya kwenda shule ilipita juu ya gogo lililolazwa kwenye mtaro. Wenzake walilivuka wakikimbia, yeye akazunguka kwa nusu saa nzima ili asilikanyage, na kila siku akafika amechelewa. Wachelewaji wa wakati huo walipewa adhabu ya kulima shamba la shule. Gordon alilima shamba lile kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, na alimaliza shule akilichukia jembe kabisa. Baada ya sekondari, mwaka 1980, alimwambia baba yake kwamba kazi yoyote ataifanya, isipokuwa ya shamba. Alipelekwa Kisumu kujifunza ufundi wa injini, na kuanzia mwaka 1983 aliajiriwa katika gereji moja karibu na soko la Kibuye.

Akiwa Kisumu alikutana na Beldina Atieno wa Nyakach, aliyekuwa akishona sare za shule. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1988 na kupanga chumba katika mtaa wa Kaloleni. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lorine, Shem Oduor na Winny. Mama Beldina anakumbuka kwamba siku Lorine alipoanza kutambaa, Gordon alirudi kutoka kazini na waya, akaufunga mlango wa jiko la makaa, akalifunga na dirisha ambalo mtoto hangelifikia hata baada ya miaka mitatu.

Mwaka 1991 kikundi cha wakulima wa mpunga kule nyumbani kilinunua pampu ya dizeli ya kuvuta maji kutoka mtoni, kikatafuta fundi. Gordon alirudi Kano akijiambia kwamba anarudi kwa ajili ya injini, si kwa ajili ya shamba. Akakaa miaka thelathini na nne.

Tarehe 16 Machi 1994 mwenzake aitwaye Oyugi aliinama kuokota spana karibu na mkanda wa injini. Mkanda ulishika mkono wa shati lake. Gordon alikuwa hatua nne kutoka kwenye swichi, na alipoizima injini Oyugi alikuwa amepoteza mkono wa kulia. Halikuwa kosa la mtu yeyote, na Oyugi mwenyewe, ambaye yuko hapa nasi leo, amelisema hilo mara nyingi. Lakini Gordon hakuacha kuzipiga hesabu zile hatua nne. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyeingia katika nyumba ya pampu bila yeye kumhesabu akiingia na kumhesabu akitoka. Watoto hawakuruhusiwa kabisa, hata wake mwenyewe.

Ndiyo maana, Juni 2024, Mwalimu Habiba Shakir alipokuja kumwomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wake wa Gredi ya Nane, alijibiwa hapana kabla hajamaliza salamu. Mwalimu Habiba hufundisha Kilimo katika shule ya jirani. Alieleza kwamba mwaka uliofuata watoto hao wangechagua njia ya masomo ya kuwapeleka sekondari ya juu, na kwamba kila akiwauliza nani anataka kilimo, darasa zima linacheka.

Gordon alimwambia: "Mwalimu, unaniletea watoto arobaini na watatu mahali mkanda unazunguka. Wakirudi arobaini na wawili, nitamwambia mama yake nini?"

Mwalimu akaenda zake. Alirudi mara ya pili akafukuzwa kwa heshima. Mara ya tatu hakuomba tena. Alikaa tu kwenye benchi, akasema amechoka kuwashawishi watoto walipende somo ambalo shuleni kwao bado ni adhabu, kwa sababu wachelewaji wangali wanatumwa kulima.

"Bado?" Gordon aliuliza.

"Bado, Mzee."

Ndipo akamwambia awalete.

Walikuja Jumatano tarehe 10 Julai 2024, wiki chache baada ya mafuriko, maji ya mtoni yakiwa bado mengi na mekundu. Asubuhi hiyo Gordon alishindwa kunywa chai. Alichora mstari wa chokaa sakafuni na kumwambia kila mtoto asiuvuke. Aliwahesabu kwa sauti: arobaini na watatu. Mwalimu Habiba anasema shati la Gordon lilikuwa limelowa jasho kabla hajaanza kuzungumza, na maneno aliyokuwa ameyaandaa yalimtoroka.

Basi akawatoa nje, akaanza kuwaonyesha kwa kidole. Aliwaambia kwamba mashamba yale hayakujisawazisha yenyewe, kuna mpimaji aliyekuja na vyombo vyake. Kuna mtu anayepeleka udongo maabara, kuna mkaguzi wa mbegu, kuna mwenye kinu cha kukoboa, kuna mnunuzi anayejua bei ya Kisumu na ya Nairobi siku moja. Yeye mwenyewe alikuwa amelikimbia jembe, akaangukia kilimo kwa mlango wa injini. Mwisho alitaja kazi ya mgawa maji. Aliwaambia kwamba maji yanayotoka pale asubuhi hufika shamba la mwisho saa tisa alasiri. "Ni lazima mtu atembee nayo," alisema. "Asipotembea nayo, yatapotea njiani."

Watoto waliuliza maswali mengi, hata akasahau kuogopa kwa dakika kama ishirini. Kisha akawapanga ili waondoke, akahesabu. Arobaini na wawili. Akahesabu tena kwa kuwagusa mabega. Arobaini na wawili. Mwalimu Habiba akahesabu, akapata idadi ileile. Aliyekosekana alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, Elsie Nabututu, anayeishi na nyanya yake.

Gordon aliizima injini. Aliangalia chini ya mkanda, nyuma ya matangi ya dizeli, kila mahali, akiogopa kuangalia na akiogopa kutoangalia. Hapakuwa na mtu. Likabaki lile shimo la maji mbele ya pampu, mahali bomba linapovuta kwa nguvu na vyuma vimewekwa kuzuia takataka. Alijua kwamba kitu chochote kinachoanguka mle hubandikwa kwenye vyuma hivyo na hakitoki mpaka kitolewe.

Hakujua kuogelea. Alivua viatu, akashuka akishikilia ukuta, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Mwalimu Habiba aliwageuza watoto waangalie upande mwingine. Gordon alipapasa chini kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka penye vyuma. Pale mguu wake ukagusa kitu laini.

Aliwahi kumweleza mkewe kuhusu wakati huo, mara moja tu. Alisema hakumwomba Mungu wala hakulia. Alifikiria nyanya wa yule mtoto, na jinsi angeianza sentensi ya kumpa habari. Kisha akavuta pumzi, akajizamisha, akakikumbatia kile kitu na kukitoa juu. Lilikuwa gunia lililojaa matope, mzigo wa mafuriko.

Alikuwa bado amelishika gunia, hawezi kuliachilia, aliposikia watu wakija kwa mbio kutoka mashambani. Ni akina mama waliokuwa wakipanda mpunga, wameshangaa kuona mfereji unakauka saa tano asubuhi. Mbele yao alikuwa Nabututu, matope hadi magotini.

"Mzee," alisema, "kwa nini maji yamesimama?"

Gordon aliliachilia gunia. Alitolewa majini na Mwalimu Habiba na wanawake wawili. Alipokaa chini alihesabu tena, akafika arobaini na watatu, akarudia kutoka mwanzo.

Wiki hiyo alimtumia Mwalimu ujumbe kwamba watoto wasirudi tena. Jumapili, baada ya kanisa, Nabututu aliletwa na nyanya yake kuomba msamaha. Gordon alimwuliza kwa upole ni nini kilichomfanya aondoke bila kuaga. Msichana alitazama chini, akasema, "Ulituambia ni lazima mtu atembee nayo. Nikaona hakuna mtu anatembea nayo."

Mama Beldina anasema kwamba wageni walipokwisha kwenda mumewe alimwambia, akimwita binti wa Nyakach kwa lugha ya nyumbani, "Nyar Nyakach, mtoto yule hakupotea. Ni mimi nilimtuma, nikasahau kumwambia asiende peke yake. Na katika wote arobaini na watatu, ndiye aliyenisikia."

Siku ya pili yake alimpigia simu Mwalimu Habiba.

Baada ya hapo watoto walikuja kila muhula, mpaka mwaka jana. Gordon hakuwaacha tena mbele ya injini. Alitembea nao kando ya mfereji, yeye mbele na Mwalimu nyuma, mpaka shamba la mwisho, na kwenye kila lango la maji aliwasimamisha akawahesabu. Malango ni kumi na moja. Watoto wakampa jina la Mzee Hesabu, na alilipenda. Alimfundisha Mwalimu Habiba kuizima injini akiwa amefumba macho. Lakini mtu asidhani hofu ilimwisha. Kila asubuhi ya ziara chai ilibaki kikombeni, na kila jioni yake alilala kama mtu aliyebeba magunia.

Mnamo Aprili 2025 alianza kushindwa kumeza. Alilificha jambo hilo miezi minne, akisema ugali wa siku hizi ni mgumu. Lorine ndiye aliyempeleka hospitali Kisumu, na tarehe 26 Agosti waliambiwa kwamba ni saratani ya koo. Alihamia kwa Lorine, Kaloleni, ili awe karibu na matibabu, mtaa uleule alioanzia maisha ya ndoa. Alipogundua kwamba Lorine ameanza kuandika wasifu huu, hakukasirika. Alimwonya tu asije akasimama mbele za watu akasema baba yake alikuwa shujaa. "Andika niliogopa," alisema. "Lakini andika pia niliogopa nini."

Mapema Januari 2026, Gordon akiwa amerudishwa nyumbani Kano kwa ombi lake, Nabututu alikuja kumuaga. Alikuwa amepata nafasi ya Gredi ya Kumi na amechagua njia ya sayansi, Kilimo kikiwa mojawapo ya masomo yake. Alisema anataka kuwa mhandisi wa mifereji. Gordon hakuwa na sauti ya kutosha kusikika mpaka mlangoni, kwa hiyo msichana alisogeza kiti. Walizungumza juu ya lango la saba, ambalo huvuja, na namna linavyoweza kutengenezwa.

Siku za mwisho hakujificha. "Naogopa," alimwambia mkewe.

"Hata mimi, Baba Lorine," Mama Beldina alimjibu. "Niko hapa."

Alishika mkono wa mumewe na hakuuachilia. Gordon alifariki Jumatatu tarehe 2 Februari 2026, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mjane, Beldina Atieno, watoto Lorine, Shem Oduor na Winny, wajukuu wanne, dada watatu na kaka mmoja, rafiki yake wa miaka yote, Mzee Oyugi, na wanafunzi waliotembea naye kando ya mfereji, ambao idadi yao aliiandika mwenyewe kila ziara, wakienda na wakirudi, na kila mara idadi hizo mbili zilikuwa sawa.

Ziara iliyokuwa imepangwa ya Alhamisi tarehe 26 mwezi huu itafanyika. Shem Oduor ndiye atakayekaa kwenye injini, naye amekiri kwamba ameshaanza kukosa usingizi. Mwalimu Habiba anawaomba wazazi wanaoweza wafike, mmoja asimame kwenye kila lango, asaidie kuhesabu.

Mungu ampokee Gordon Obonyo Mireri, na ampe pumziko ambalo ndani yake hakuna cha kuogopa.