Baba Germain wa Chumba cha Plasta, Usipite Mlango wa Jikoni

Baba Germain Kalenga ametumika miaka ishirini na tisa katika hospitali ya kampuni hapa Likasi, na Jumamosi hii, tarehe 31 Machi 1984, anapumzika kazi. Kwenye karatasi za ofisi ni Citoyen Kalenga, maana serikali ilikataza majina ya ubatizo. Sisi tuliofua bandeji zake tunamwita Germain, jina la ubatizo wake, na hakuna atakayetugeuza leo.

Alianza mwaka 1955, mji ungali unaitwa Jadotville, akiwa kijana wa kusukuma vitanda. Alisukuma bila kugonga ukuta, jambo ambalo vijana wa sasa hawaliwezi, basi daktari akamwingiza chumba cha plasta, wanapofungwa waliovunjika, na kumfundisha viungo vya mwili. Hakutoka humo tena. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwiko, na wageni walidhani anauza unga.

Kufunga kilichovunjika hakukumpa shida. Shida ilikuwa kueleza, kwa maana sisi watu wa hapa, kila kamba iliyo ndani ya mwili tunaiita mshipa. Damu inapita, mshipa. Kidole hakikunjiki, mshipa. Goti limeteguka, mshipa tena.

Basi Germain aliomba mguu wa kuku kwa mpishi. Mbele ya mgonjwa alivuta uzi mweupe ulio nyuma ya mguu, vidole vikajikunja, mgonjwa akacheka. Hiyo ni kano, alisema: imeshika nyama kwa mfupa, nyama ikivuta, mfupa unafuata. Kisha akafungua kiungo. Kile cheupe kinacholia katika meno ni gegedu, mto wa mifupa ili isisagane. Na ule utepe mfupi, mgumu, unaotoka mfupa huu na kuingia mfupa ule, ndio ligamenti. Haivuti kitu, haibebi kitu. Kazi yake ni kushika, mifupa miwili isiachane.

Adolphe, golikipa wa timu ya kambi ya wafanyakazi, alilihitaji somo hilo. Goti lake liligeuka uwanjani siku ya Jumapili. Nyumbani wakafanya kama tunavyofanya sote: shangazi akakanda kwa maji ya moto, wajomba wakavuta mguu ili urudi mahali pake. Jumatatu akaletwa na goti kama boga. Germain hakumkaripia mtu. Minye, Philomène wa kufulia, ndiye niliyekaripia, mpaka korido ikanyamaza. Yeye aliwaketisha shangazi na wajomba, akaleta mguu wa kuku, akawaeleza pole pole kwamba ligamenti iliyoumia inataka maji ya baridi na kutulia. Kwamba damu yake ni kidogo, kwa hiyo haina haraka ya kupona. Na ikivutwa kupita kiasi, hairudi urefu wake wa zamani. Adolphe anatembea. Golini hakurudi, na timu inafungwa kila Jumapili, lakini kosa hilo msimpe Germain.

Siku ya kutoa plasta, alimshika mgonjwa kiwiko akamsindikiza mpaka lango kubwa. Kila mgonjwa, hata mvua ikinyesha. Hatua za kwanza, alisema, mtu haachwi peke yake.

Wanaotayarisha sherehe ya kumwaga waliniambia niandike mambo ya kufurahisha. Nimeyaandika. Sasa ngojeni.

Mke wake, Mama Hélène, alikufa miaka mitano iliyopita, wakati wa mahindi mabichi. Tangu hapo king'ora cha kutoka kazini kikilia, sisi tunakwenda nyumbani, Germain anabaki anakunja bandeji ambazo zilikwisha kukunjwa. Chakula anakula amesimama, kama mtu anayengoja treni. Binti yake Marceline aliolewa Kinshasa. Kinshasa ni mbali, ndiyo, lakini barua haina miguu ya kuchoka. Umbali umevuta, na kilichowashika kimelegea. Marceline, ukisomewa haya, usinikasirikie. Baba yako hajasema neno baya juu yako, ndiyo maana nalisema minye.

Sasa nyumba ya kampuni inarudi kwa kampuni, na Germain anakwenda Kapolowe, katika nyumba ya marehemu mama yake, ambako hata jirani hamjui tena. Juzi aliniletea mashuka ya mwisho. Akanieleza kwamba sherehe hataiweza. Jumamosi atatoka kwa mlango wa jikoni ya hospitali mapema, apande lori, aende.

"Musijisumbue, Mama Philomène," akasema. "Mufupa ya peke yake haiumi."

"Mufupa ya peke yake ni ya imbwa," nikamjibu.

Hakucheka. Aliketi juu ya mashuka yangu safi, kitu ambacho sijamwona akifanya, akakaa hapo mpaka king'ora kikalia. Sikumwondoa.

Germain, karatasi hii utaipata Ijumaa, kabla ya sherehe. Ufunguo wa mlango wa jikoni nimekwisha kuuomba, uko katika aproni yangu. Kwa hiyo utapita lango kubwa. Adolphe atakuwa pale, pamoja na wengine uliowasindikiza, wenye magoti mazuri na wenye kuchechemea. Kiwiko nitakishika minye. Hatutakuvuta. Tutakushika tu, mpaka kwenye lori. Na mahindi yakikauka nitakuja Kapolowe kuangalia kama unakula umekaa.

Asante kwa mifupa yetu. Pumzika vizuri, baba, lakini usipumzike peke yako.

Philomène, wa chumba cha kufulia