Dorcas Adoyo Zadok (1971–2025): Aliyepangiwa Kufariji

Ndugu waombolezaji, tuliyemleta hapa Kisesa leo, nyumbani kwa wakwe zake, ni shangazi yangu Dorcas Adoyo, mtoto wa tatu wa Mzee Zadok Oyoo na Mama Selestina Atieno, wote marehemu. Alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, katika kijiji cha Kinesi, ambacho sasa kiko Wilaya ya Rorya, mkoani Mara. Adoyo ni jina la Kijaluo la mtoto aliyezaliwa wakati wa palizi. Bibi Selestina alisema uchungu ulimshika shambani, na mistari miwili ya mahindi ilibaki na magugu yake.

Alisoma Shule ya Msingi Kinesi kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari akasoma Musoma mjini, kisha kidato cha tano na sita Nganza, hapa Mwanza. Mwaka 1997 alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika ualimu na saikolojia. Alipomweleza baba yake, babu Zadok, anachosomea, babu aliuliza, "Kwa hiyo sasa unajua ninachowaza?"

"Hapana, baba."

"Basi miaka yote hiyo wanakufundisha nini?"

Alifundisha sekondari miaka sita, akawa mshauri nasaha katika hospitali moja ya jijini, na mwaka 2011 akafungua ofisi yake Buzuruga, nyuma ya stendi. Ilikuwa na viti viwili na jagi la maji. Saa kumi na moja alifunga mlango, lakini kazi ilimfuata. Kwenye harusi watu walimwekea kiti pembeni ili wamweleze ndoa zao, na pilau yake ikapoa sahanini. Wengine walimkimbia. Akifika Mwaloni kununua samaki, akina mama walikonyezana, "Nyamazeni, anatusoma huyo." Naye alijibu, "Ninasoma bei ya sangara tu, mama. Na hiyo pia siielewi."

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa Kirumba na Mashimba Mayala, fundi wa injini za mitumbwi. Rafiki za bwana harusi walimwonya kwamba atachunguzwa hadi ndoto zake. Mashimba akawaambia, "Huyu hutafuta miwani nyumba nzima, ipo kichwani kwake." Walijaliwa watoto wawili, Ng'washi na Shimba. Walipogombana kama watu wengine, ndugu walisema, "Na wewe ndiye mtaalamu?" Shangazi alikuwa na jibu moja la siku zote: "Daktari wa meno naye ana meno."

Mashimba alifariki ghafla mwezi Juni 2016. Kamati ya mazishi ilikaa hapa hapa, ikagawa kazi: chakula, maturubai, magari. Ilipofika faraja, mtu akasema, "Hiyo tumwachie Dorcas, si ndiyo kazi yake?" Hakuna aliyepinga, na shangazi mwenyewe hakukataa. Aliketi mkekani akiwa amemkumbatia mama mkwe wake, Mama Rose. Wanawake waliokuja kumshika mkono walichuchumaa wakamsimulia misiba yao, naye akawasikiliza mmoja mmoja. Baadaye ikasemwa kwamba mjane yule ana moyo mgumu, hana hata chozi. Shimba anakumbuka kwamba siku ya kuanua matanga, wageni walipoondoka, mama yake alikwenda bombani kufua ovaroli la baba, akalia mpaka ndoo ikafurika na maji yakatiririka hadi mlangoni.

Mwishoni mwa 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Waliokuja kumtazama walileta ndizi, maziwa, na matatizo yao. Msomaji wa wasifu huu, mtoto wa kaka yake, alikuwa akimsuka nywele siku za likizo, na siku moja alimuuliza kama ni kweli anajua watu wanachowaza.

"Sijui. Huwa nawauliza," alisema.

"Na wewe nani anakuuliza?"

Aliinamisha kichwa, akasema, "Suka, mama. Usivute sana hapo nyuma."

Wiki mbili kabla hajafariki alimwita kaka yake, Gidion, tunayemwita Baba Gidion, akamwomba jambo moja: siku yake ikifika, watoto wake wasipewe kazi yoyote, waachwe walie. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, nyumbani kwake Buzuruga.

Juzi kamati ilikaa tena, ikafika kwenye faraja. Mzee mmoja akasema, "Hapo Ng'washi yupo. Anasomea mambo hayo hayo, yuko mwaka wa pili."

Baba Gidion akasema, "Hapana."

"Sasa nani atashika hiyo nafasi, bwana?"

"Tutaishika wote. Ng'washi ni mfiwa."

Kwa hiyo Ng'washi ameketi pale mkekani, karibu na bibi yake, Mama Rose. Familia inawaomba mnaopita kumpa pole mumshike mkono, na mkiwa na msiba wenu wa kumsimulia, mumtafute Baba Gidion pale chini ya turubai. Ng'washi akilia, msimwambie ajikaze.

Marehemu ameacha watoto wawili, mama mkwe, kaka mmoja, dada mmoja, na wapwa na binamu wengi.

Shangazi, pumzika kwa amani. Leo zamu ni yetu.